Folda ya Ndani

Wifi yangu Ghalia hupiga picha za harusi, upande wa wanawake tu. Hapa Misrata, Libya, kazi hiyo ni amana kwanza, kamera baadaye. Mlangoni mwa ukumbi simu zote huwekwa kwenye beseni, na shangazi mmoja mkali huketi kando yake kama kuku anayeatamia. Humo ndani bibi arusi akishavua joho na kuachia nywele, hakuna kamera nyingine ila ya Ghalia. Picha hazitumwi kwa simu ya mtu. Huzitia kwenye flashi, humpa bibi arusi mkono kwa mkono, na akishasikia zimefika salama, hufuta zake. Ndivyo alivyojijengea jina. Tangu aanze, hakuna mwanamume wa nje aliyewahi kuona hata kisigino.

Ijumaa ninayoisimulia, picha za Intisari, aliyeolewa juzi yake tu, zilikuwa bado hazijakabidhiwa. Kadi za kamera Ghalia alikuwa ameshazifuta, maana kesho yake alikuwa na harusi nyingine. Kwa hiyo harusi nzima ya Intisari ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani: kwenye kisanduku.

Kisanduku hicho ni diski ya mtandao. Hukichomeki kwenye kompyuta. Kimeungwa kwa waya kwenye ruta ya intaneti, na kompyuta yoyote ya nyumba hukifikia kwa mbali. Ruta yenyewe iko marbua, chumba cha wanaume chenye mlango wake wa barabarani, kwa sababu antena imefungwa upande huo. Basi na kisanduku kiko huko, ndani ya kabati dogo chini ya dirisha. Wageni wa kaka yangu Miftah, mumewe Ghalia, wakishaingia, sisi wanawake hatukanyagi tena.

Wiki ile kisanduku kilianza kugonga ndani, tak, tak, kama mtu aliyefungiwa humo. Ghalia hakulala. Ijumaa asubuhi aliketi marbua na laptopu yake, akitaka kupeleka nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni ya familia. Mimi nilikuwa nafagia.

"Inakataa," akasema.

"Inakataa nini?"

"Programu. Inataka folda iliyo ndani ya laptopu yenyewe. Ya kwenye diski ya mbali haitaki hata kuiona."

"Nunua diski ya kuchomeka."

"Ijumaa hii, dada? Nani amefungua duka? Na hiki kinaweza kukata roho kabla ya kuskusi ya mchana."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitaidanganya."

Akaidanganya kweli. Aliandika amri ya mstari mmoja, na ndani ya laptopu ikatokea folda kama folda nyingine yoyote, ila ukiifungua unajikuta umo ndani ya kisanduku. Programu ikaitazama, ikadhani ni ya nyumbani, ikaimeza. Ghalia alipiga kigelegele kifupi kama mtu aliyevua samaki kwenye bomba.

Mimi nina diploma ya maabara. Nimezoea kuuliza kilichomo kwenye chupa kabla ya kuitikisa. "Unapeleka nini hasa?"

"Za nje tu. Keki, mapambo ya kumbi, picha za watoto, za Miftah na samaki wake. Tazama mwenyewe."

Nikatazama. Kweli, zilionekana za nje tu. Akafunika laptopu bila kuizima, akaiweka kabatini kando ya kisanduku ikiendelea na kazi, tukaenda kumenya malenge.

Adhuhuri mvua ilikuja kwa hasira. Aliporudi kutoka msikitini, Miftah alileta marafiki zake: Khalifa, Bashiri, na Nuri. Nuri ni kaka yake Intisari, mwanamume mpole mpaka umguse dada yake. Tukatoa sinia, wakala, wakawasha mechi. Kisha mtu akaja getini kusema gari la ami yetu limezama kwenye dimbwi la barabara ya pwani. Miftah alichukua kamba akakimbia, simu yake akaiacha inachaji juu ya meza ya jikoni.

Tukabaki na chai yetu. Nikafungua simu yangu nitazame kama picha za wanangu zimeshafika huko juu. Zilikuwa zimefika. Nikasogeza kidole. Keki. Keki. Mwanangu na puto. Kisha nikajiona mimi.

Nilikuwa nimevaa gauni la kijani, mikono juu, nywele mgongoni, nacheza kwenye harusi ya Intisari.

Kwanza sikuelewa. Nilifikiri mtu ameniwekea. Kisha nikasogeza tena, akatokea Intisari mwenyewe, mabega wazi, anacheka, hina imempanda mpaka kwenye viwiko.

"Ghalia," nikasema. "Mbona mimi nimo humu?"

Alichukua simu akiwa bado anatabasamu. Niliuona uso wake ukibadilika. Sikuwahi kuona damu ikimtoka mtu usoni hivyo, na kazi yangu ni damu.

"Hapana," akasema. "Hapana, hapana. Niliificha."

"Ulificha nini?"

"Folda ya ndani, ya picha za wanawake. Niliificha miaka mingi, mtu akikifungua kisanduku asiione. Hata mimi siioni mpaka niiite." Akaketi chini, sakafuni. "Nikaiunga folda kwenye kisanduku kizima. Nilipotazama niliona za nje peke yake, nikadhani nimeunga za nje. Programu haina habari ya kufichwa. Programu inaona vyote."

Intaneti yetu, ambayo siku zote hutambaa kama mgonjwa, siku hiyo ilikuwa inakimbia. Kila nilipotazama, Intisari alikuwa ameongezeka.

"Nani anaweza kuziona?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Akaunti tunaitumia sisi watatu. Wewe, mimi, Miftah." Akageukia mlango wa marbua. "Na runinga."

Miftah alikuwa ameiunga runinga ya marbua kwenye akaunti hiyo. Ikikaa bila kuguswa dakika chache huanza kuonyesha picha za familia, moja baada ya nyingine, ukuta mzima. Hapo tuliposimama tulikuwa tunasikia mtangazaji wa mechi akipiga kelele. Mradi mechi inaendelea, picha hazitoki. Mtu akiisimamisha, zitatoka.

"Nazifuta," nikasema, kidole tayari.

Ghalia alinipiga mkono, simu ikaanguka kwenye bakuli la karanga. "Usiguse! Ukifuta huko juu, programu itafuta na huku chini. Inadhani folda ni ya kwake. Itaingia kisandukuni ifute harusi yote. Hakuna nakala nyingine, Rabab! Hakuna!"

"Basi zima kompyuta."

"Iko wapi?"

Ilikuwa marbua. Kompyuta, kisanduku, ruta, vyote vilikuwa upande wa pili wa mlango, na wanaume watatu.

"Tukate umeme."

"Miftah amefunga betri. Mtaa mzima ukizimika, marbua haijui."

"Simu ya Miftah ndiyo yenye mamlaka ya akaunti, si hii hapa mezani? Tuiondoe runinga."

"Unajua namba yake ya siri? Mimi siijui. Hata siku moja sikuihitaji."

Kati ya jiko na marbua kuna mlango. Mwanamke akibisha, mwenye nyumba huja kupokea sinia. Mwenye nyumba asipokuwepo huja aliye karibu naye zaidi, na Miftah hana rafiki wa karibu kuliko Nuri. Nilinyanyua mkono nibishe. Ghalia akaushika.

"Utamwambia nini? Tafadhali Nuri, kachomoe waya, dada yako anakuja kwenye runinga?"

"Nitamwambia achomoe waya bila kumwambia sababu."

"Nuri? Nuri akiambiwa asifungue sufuria, hufungua aone kwa nini. Atafunua laptopu mbele ya wenzake."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Tulikaa. Kazi yote tuliyokuwa nayo ilikuwa kuombea mechi isiishe. Katika maisha yangu sijawahi kuombea mpira. Nilifikiri habari ya Intisari, siku ya pili nyumbani kwa mume wake, na mdomo wa Bashiri, ambao hujulikana mpaka mji jirani wa Zliten. Nilijifikiria na mimi, gauni la kijani. Nina mume.

Kisha ikaanza adhana ya alasiri.

"Simamisha, simamisha, Khalifa," sauti ya Bashiri ikasema. "Mungu kwanza."

"Bado penalti!"

"Penalti itakungoja. Hiyo si basi."

Mtangazaji akanyamaza. Tukatazamana.

"Twendeni msikitini?" akauliza mmoja.

"Kwa mvua hii? Utaogelea? Tusali hapa. Nuri, udhu wako umeenda na ule usingizi, nimekusikia ukikoroma."

"Sikukoroma."

"Ulikoroma mpaka refa akageuka. Nenda katawadhe."

Mlango wa barazani ukafunguka. Nuri alikuwa ametoka kwenda bombani. Khalifa akakimu. Nilisikia wanakunjua mikeka.

Ghalia alinyanyuka. Marbua ile naijua kama kiganja changu. Watu hawapendi kusali wameelekea runinga, kwa hiyo Miftah aliifunga kwenye ukuta wa nyuma, mkabala na kibla. Waliosali walikuwa wameipa kisogo. Na anayesali hageuki.

"Usithubutu," nikasema.

Alivua viatu. Ukutani kulikuwa na farashia ya mama yetu, lile shuka jeupe kubwa wanalojitanda wazee wetu wakitoka. Akajitanda kichwa mpaka miguu, jicho moja nje, kama bibi wa miaka themanini. Akafungua mlango, mimi nikaushikilia usigonge.

Niliona migongo miwili, Khalifa mbele kidogo, Bashiri kulia kwake. Wamefunga mikono. Mvua inapiga dirisha. Na nyuma yao, kwenye ukuta mzima, runinga ilikuwa imeanza kazi.

Kwanza ilikuwa bahari. Kisha mwanangu na puto. Ghalia alikuwa anatembea kuelekea kabatini, upande wa dirisha. Kisha, bila sauti, polepole, akatokea Intisari. Mkubwa kuliko alivyo. Kichwa kimerudi nyuma, koo, dhahabu, kicheko, mabega. Nuru ya mwili wake ikawaangukia wale wanaume migongoni, na fulana nyeupe ya Bashiri ikawa ya waridi.

Wakarukuu.

Ghalia alisimama katikati ya chumba. Kabati upande mmoja, runinga upande mwingine. Kabatini ndimo mlimo waya wa kisanduku, na akiuvuta picha zimepona. Lakini runinga haina plagi ya kuvuta, waya wake umezama ndani ya ukuta, na kifaa cha kuizimia niliona kilipo: sakafuni, mbele ya magoti ya Khalifa.

Walipokwenda kusujudu, Ghalia aligeukia runinga. Akajifunua farashia, akairusha juu. Ilinasa pembe moja, ikaning'inia, pembe nyingine ikaanguka, na mkono wa Intisari wenye hina ukabaki nje. Akapanda kwenye godoro la kukalia, akavuta. Sasa ilifunika. Chini ya kitambaa kulikuwa na mwanga tu, kama taa ndani ya hema.

Alishuka. Alikuwa na gauni la jikoni, mikono mitupu, nywele zimekusanywa kwa kibanio cha Suhaila, binti yake. Akakimbilia kabatini kwa vidole vya miguu. Nikamwona anapiga magoti, anapapasa. Wale wawili walikuwa wamesimama tena. Kisha rakaa nyingine, na nyingine. Alasiri haisomwi kwa sauti. Ungesikia kisanduku kikigonga.

Waya ukatoka. Ghalia akachukua na laptopu, akaikumbatia.

Ndipo mlango wa barazani ulipofunguka, na Nuri akaingia, mikono inachuruzika maji.

Alimwona. Sioni namna ambayo asingemwona. Mke wa rafiki yake, kichwa wazi, miguu mitupu, katikati ya marbua, na wanaume wanasali. Ghalia hakusogea. Alikuwa kama sungura kwenye taa ya gari.

Nuri aligeuza uso akaukabili ukuta. "Ya Satiri," akasema kwa pumzi, akimwomba Mungu astiri, hivyo tu, na akabaki hivyo, maji yakidondoka kutoka viwikoni mwake, mpaka Ghalia alipopita. Nilimvuta ndani kwa nguo. Nilipokuwa nafunga mlango Khalifa alikuwa anageuza shingo kulia kutoa salamu.

Ghalia alitapika kwenye sinki. Nikamshika paji la uso kama mtoto.

Upande wa pili zikaanza sauti.

"Hii nini? Nani amevisha runinga?"

"Labda Miftah amehamia Hija."

"Toa hilo shuka, Nuri, tupige penalti."

"Ngojeni nisali kwanza," Nuri akasema.

Alisali. Alisali kwa muda mrefu, na sijui mwenyewe alisoma nini. Kisha mlango wa jikoni ukabishwa, mara mbili, taratibu.

"Mama Suhaila." Sauti ilikuwa chini kabisa, mdomo kwenye mbao. "Kuna nini chini ya lile shuka?"

Ghalia alinitazama. Nikamwashiria kwa kichwa aseme runinga imeungua. Uongo mmoja, mfupi, umalize. Alijifuta mdomo, akasogea mlangoni.

"Ni Intisari," akasema. "Picha za ndani. Ni kosa langu, la kompyuta, si la mtu mwingine. Zinajitokeza zenyewe. Bado zinaendelea."

Nilisikia pumzi zake. Nilishika mbao ya kusukumia unga, ingawa nisingejua niitumie vipi.

"Wameona?"

"Walikuwa wanasali. Wamezipa kisogo tangu ya kwanza."

"Unaapa?"

"Naapa. Rabab alikuwa mlangoni, aliona yote."

"Naapa na mimi," nikasema. "Wallahi hawakugeuka."

Akauliza: "Zitakoma lini?"

"Naweza kuzifuta huko juu sasa. Waya nimeuchomoa. Dakika chache."

"Fanya. Mimi nitakaa mbele yake." Akakohoa. "Na Mama Suhaila. Intisari ajue leo. Kutoka kwako. Mimi sitamwambia, lakini asikae bila kujua."

Tulimsikia akirudi. "Runinga imeungua," akawaambia. "Nimesikia harufu. Asiiguse mtu, mnaweza kupigwa na umeme."

"Imeungua na inawaka?" Bashiri akacheka. "Tazama mwanga ule!"

"Ndiyo inavyoungua."

"Wewe fundi tangu lini? Juzi ulibadilisha taa, mtaa ukaomba msaada."

"Bashiri, kaa chini."

Sijui alimtazama vipi. Bashiri alikaa.

Ghalia alifungua laptopu juu ya meza yenye unga. Alifunga programu kwanza. Kisha akaivunja ile folda ya uongo, akahakikisha mara mbili imevunjika. Ndipo akachukua simu yangu akaanza kufuta, na alipomaliza akaenda kwenye pipa la takataka la akaunti akafuta na humo. Nilimshikia simu. Mimi nilikuwa nasoma majina, yeye anabonyeza.

Ghalia alimpigia Intisari, naye akaja kabla ya magharibi, pamoja na mama yake, Hajati Mabruka. Wageni walikuwa wameondoka na Miftah amerudi, matope mpaka magotini, ameambiwa, ameketi barazani peke yake. Tulikaa marbua, wanawake wanne, runinga imezimwa. Ghalia aliwaeleza bila kupunguza neno. Alipofika kwenye farashia, Intisari alifunika uso kwa viganja.

"Una hakika hakuna mwingine?" Hajati akauliza.

"Miftah simu yake ilikuwa jikoni. Hakuna mwingine."

"Una hakika?"

"Nina hakika ya ninachokijua, Hajati. Zilipita mtandaoni. Siwezi kuapia mtandao."

Mwanamke mwingine angesema ndiyo, wallahi. Ghalia hakusema.

Kisanduku kiliungwa tena, tak, tak, na picha zikanakiliwa kwenye flashi. Intisari alizitazama zote kwenye laptopu hapo hapo, hakuruka hata moja. Mwanzo alikuwa analia. Kisha alijiona anakanyaga pindo la gauni, akacheka kwa pua, akaendelea kulia. Mama yake alitazama juu ya bega lake. Zilipokwisha, Ghalia alizifuta kisandukuni mbele yao.

Hajati alinywa chai yake mpaka mwisho. "Picha nzuri," akasema. "Sijaona nzuri kama hizi. Binti yangu anaonekana ana furaha, na alikuwa nayo." Akaweka bilauri chini. "Harusi ya mdogo wake tutatafuta mwingine."

"Ni haki yako, Hajati," Ghalia akasema.

Tuliwasindikiza mpaka getini kwa mwavuli. Tuliporudi ndani Ghalia alichukua begi la kamera, akalitazama, akalirudisha kwenye kiti.

"Yule bibi arusi wa kesho," akasema. "Nitampigia mama yake sasa hivi, nimwambie kilichotokea. Akinitaka aje kunichukua, asiponitaka apate usiku mzima wa kutafuta mwingine."

"Si lazima umwambie. Za kwake hata hazijapigwa."

"Anaweka uso wa binti yake mkononi mwangu, Rabab."

Alitafuta namba. Niliketi karibu yake, bega kwa bega. Simu ikaita, ikaita tena, kisha mwanamke akaipokea kwa sauti ya furaha, na nyuma yake nyumba nzima ilikuwa inaimba.